Jairo Anamdhamini Mkwe Asiyemtazama

Hebu mwone Jairo Simbeye anavyofika nyumbani kwake. Jua limeshainama, malori yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, na yeye anatoka kazini Mpemba kwa baiskeli, mtu mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia, vidole vimeganda nta nyeusi ya uzi wa maturubai. Ungedhani mtu anayerudi kwake atasukuma lango na kuingia. Jairo hathubutu. Akiwa bado kule kona ya mashine ya kusaga anaanza kukohoa. Kikohozi cha kwanza ni cha kutoa taarifa. Cha pili ni cha kuharakisha. Akifika langoni anapiga kengele ya baiskeli, kisha anaupa uzio mgongo, anatazama barabara kama mtu anayesubiri basi, mpaka asikie mlango wa jiko umefungwa. Hapo ndipo anaingia, macho chini, akihesabu kokoto.

Wapita njia waliamini ana kifua. Jirani mmoja, mama mwenye huruma, alimletea majani ya mkaratusi afunikwe na blanketi ajifukize.

Lakini Jairo hakuwa na kifua. Jairo alikuwa na mkwe.

Mkwe mwenyewe ni Nesta Namwinga, mama mzazi wa mkewe Tabita, na alikuwa akikaa palepale uani, kwenye chumba kilichopakana na jiko. Sasa, kwa Wanyamwanga wa kizamani, na hasa wa ukoo wa Jairo, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Halitamki jina lake. Hali naye sahani moja. Akikutana naye njiani, mmoja anaingia majanini. Usidhani ni ugomvi, la. Ndiyo heshima yenyewe. Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili wengi mjini Tunduma walishaiacha, wakala na wakwe zao meza moja na kutazama televisheni pamoja. Lakini Jairo alilelewa na babu yake huko Ndalambo, na yule mama naye alikuwa mtu wa zamani kweli kweli. Walikutana wawili wa aina moja.

Utauliza, walizungumzaje? Walizungumza vizuri tu. Kulikuwa na paka.

"Wewe paka," mama alikuwa akisema kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, "mwambie baba yake Irene chumvi imekwisha."

Irene ndiye mtoto wa Jairo na Tabita. Na Jairo, akiwa kwenye kigoda upande wa pili, alijibu, "Paka, sema nimesikia. Na mwambie bibi yake Irene ile mboga ya jana ilikuwa na karanga za kutosha, asante."

Paka asipokuwepo walitumia ndoo. Kuna Jumapili waligombana mchana kutwa kuhusu redio, mama akitaka kwaya, Jairo akitaka mpira, na matusi yote yakaenda kwa ndoo. "Ndoo, hivi wewe una adabu kweli?" mama alisema. "Ndoo," Jairo akajibu, "hii redio nani aliinunua?" Tabita alikuwa katikati akipeta mchele, anacheka mpaka pumba zinamwingia puani.

Mama huyu alitoka ng'ambo, upande wa Zambia, kijiji kimoja nyuma ya Nakonde. Mumewe alishafariki, wanawe wa kiume walikwenda migodini wakazamia hukohuko, na masika moja mvua ikaangusha nyumba yake ukuta kwa ukuta. Macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Tabita akaenda, akamfungia mama yake vyombo, akaja naye. Nani angefikiria makaratasi? Kwa watu wa pale, mpaka ni kitu unachovuka ukienda kununua nyanya, ukarudi kabla sufuria haijachemka.

Ila serikali hainunui nyanya. Ukapita msako wa watu wasio na vibali, na mama akakutwa anatoka kanisani. Wakamvusha asubuhi kwa upole kabisa. Mchana alikuwa amerudi, tena na fungu la mboga kichwani. Wakamvusha tena. Akarudi tena. Mara ya tatu askari mmoja akacheka mpaka akakaa chini, lakini mkubwa wake hakucheka. Alisema, "Mama, safari nyingine ni mahakamani. Tafuta mtu wa kukudhamini uishi hapa kihalali."

Mtu wa kumdhamini alikuwa mmoja tu. Tabita mwenyewe alizaliwa ng'ambo, naye alikuwa akiishi hapa kwa hati ya mke wa mtu, na mtegemezi hawezi kumbeba mtegemezi mwingine. Ndugu wengine hawakuwepo. Alibaki Jairo.

"Baba Irene, nisikilize vizuri," Tabita alisema akimwekea maji ya kunawa. "Mama hawezi kuishi kule peke yake. Haoni hata nyoka. Akivuka, na mimi navuka."

"Unaniacha?"

"Sikuachi. Nitakuwa kule, wewe utakuwa huku. Ukinikumbuka utakuja kukohoa mpakani."

Alisema huku anatabasamu, lakini Jairo alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka ya kutosha kujua tabasamu lipi ni la mzaha na lipi ni la kukata shauri. Lile halikuwa la mzaha.

Kibandani kwake Mpemba, ambako alikuwa akishona maturubai ya malori kwa sindano ndefu kama spoku ya baiskeli, alimsimulia Fanueli. Fanueli ni mtoto wa baba yake mdogo, fundi mwenzake, mtu ambaye hajawahi kulibana neno likikaribia kumtoka.

"Kaka, wenzako wanadhamini watu," alisema Fanueli. "Wewe unadhamini nini? Sauti?"

"Nyamaza, shona."

"Wakikuuliza anafananaje utasema anafanana na ukuta wa jiko?"

Jairo akajichoma kidole.

Siku ya kuitwa ofisi ya uhamiaji ilipofika, familia iliondoka nyumbani kwa mpangilio ambao wenye malori waliukumbuka. Tabita na mama yake walitembea upande wa kushoto wa barabara kuu. Jairo alitembea upande wa kulia, amevaa koti la harusi yake, na katikati yao barabara nzima ya Tanzam ikipita na matenki ya mafuta. Kila Tabita alipotaka kumwambia mumewe neno, alisubiri lori lipite ndipo apige kelele.

"Baba Irene! Umebeba picha?"

"Nini?"

"Picha!"

Ofisini kulikuwa na benchi moja. Mama akakaa. Jairo akaenda kusimama kwenye mlingoti wa bendera, akaitazama bendera kwa uzalendo ambao mlinzi hakuwahi kuuona kwa raia.

Afisa aliyewapokea aliitwa Wilbard, kijana muungwana kutoka Bukoba, kahamishiwa mpakani juzijuzi. Alimwomba Tabita asubiri nje, akawaita ndani mdhamini na anayedhaminiwa. Mama akaingia amejifunika kitenge kichwa kizima, akageuza kiti, akakaa ameelekea ukutani. Jairo akaingia kinyumenyume, akaenda kusimama dirishani, amempa kila mtu mgongo.

Wilbard alitazama mgongo wa huyu, akatazama kitenge cha huyu.

"Karibuni," alisema. "Mmenuniana?"

"Hapana, afande. Tunaheshimiana."

"Haya. Bwana Simbeye, unayemdhamini anaitwa nani?"

Nje lori lilipiga honi.

"Ni bibi yake Irene," alisema Jairo.

"Irene ni nani?"

"Mwanangu."

"Sikuuliza mwanao. Huyu mama, jina lake?"

"Liko hapo mbele yako, afande, limeandikwa."

"Nimeliona. Nataka nilisikie kwako."

"Nalijua," Jairo alisema, akajishika shingo. "Ila halipiti hapa."

Wilbard akaweka kalamu chini, akaichukua tena. "Tuseme hivi. Ni mweusi, au maji ya kunde?"

"Sijui, afande."

"Mrefu? Mfupi?"

Jairo akafikiri sana, maana alitaka kusema kweli. "Kwa jinsi anavyolalamikia kamba ya kuanikia nguo, nadhani si mrefu."

"Mmekaa naye nyumba moja muda gani?"

"Tangu Irene anaota meno. Sasa yuko darasa la pili."

Hapo uungwana wa Wilbard ukaanza kuchoka. Kabla hajaja mpakani alikuwa ameonywa juu ya watu wanaoleta ofisini bibi wa kuazima, wakaapa ni mama zao, kumbe wamekutana stendi. Akainamia meza. "Bwana Simbeye, unataka nchi hii imkubali mtu ambaye wewe mwenyewe hujawahi kumwona?"

"Wewe meza," ikasema sauti kutoka kwenye kitenge.

Wilbard akaitazama meza.

"Wewe meza, mwambie baba yake Irene asitetemeke, anaaibisha nyumba. Aeleze vizuri kama anavyoeleza mambo ya mpira."

"Mama anaongea na nani?" aliuliza Wilbard.

"Na meza, afande."

"Kwa nini asiongee na mimi?"

"Na wewe anaweza. Hapo alikuwa anataka mimi nisikie."

"Ee mukwai, ndiyo bwana," mama alimthibitishia Wilbard, kisha akarudi kwenye meza. "Na meza, umwambie pia kijana wa watu ameuliza maswali mepesi tu. Kichwa kigumu hakimsaidii mtu."

"Meza," alisema Jairo, masikio yamemwiva, "mwambie bibi yake Irene mambo ya vichwa vigumu hayasemwi mbele ya serikali."

"Meza, ni nani aliyekataa kuziba paa la jiko mpaka mvua ikaninyeshea uji?"

"Meza, paa lilizibwa! Kwa turubai la lori, tena jipya! Mwulize anajua turubai lile lilikuwa la nani?"

"Ndiyo maana linanuka dizeli, meza. Uji wote dizeli."

"Meza, mbona alikunywa?"

Wilbard alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama ngumi. Mwanzoni alishika rula amnyamazishe mtu. Mwishoni aliishika kuficha mdomo. Alikuwa na bibi yake kule Bukoba ambaye hajawahi kumsamehe kwa jambo la ndizi.

"Basi, basi," alisema. "Nimeamini. Watu wa kuazimana hawawezi kugombana hivi." Lakini uso wake ukarudi kazini. "Tatizo ni moja. Utaratibu ninaoufuata hapa, mdhamini anatakiwa kumtambua mtegemezi wake. Kwa uso na kwa jina, mbele yangu. Nikitia sahihi kwamba umemtambua, na wewe ulikuwa unatazama dirisha, nitakuwa nimedanganya. Siwezi. Toka nje upunge hewa, ukirudi uniambie kama tunaendelea au tunafunga jalada."

Jairo akatoka. Tabita alikuwa kwenye benchi, amekumbatia mkoba. Alimtazama tu. Angelia ingekuwa nafuu. Jairo akazunguka mlingoti mara kadhaa. Akilini alimwona babu yake wa Ndalambo akimfinya sikio kwa sababu alipita karibu na kivuli cha mama mkwe wa mtu mwingine kabisa. Halafu aliuona ua wake, pasipo paka wa kutumwa, pasipo kelele za redio, na yeye mwenyewe akiingia wazi bila kukohoa, hakuna wa kumpisha. Ndilo lililomrudisha ndani.

"Meza," alisema, "mwulize bibi yake Irene. Nifanyeje?"

Mama akajibu kutoka kwenye kitenge. "Meza, mwambie hilo haniulizi mimi. Nikisema tazama, nimejivunjia heshima kwa mdomo wangu. Nikisema usitazame, nimemfukuza mwanangu kwa mumewe. Abebe mwenyewe, ana mabega."

Jairo akageuka.

Mama naye, taratibu, akageuza kiti, akavuta kitenge nyuma. Kilikuwa kiuso kidogo, cha maji ya kunde, chenye alama nyeusi pembeni mwa pua, alama ileile aliyoizoea kwa Tabita. Alikuwa amefumba macho, ameyakaza kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Ametazamwa, sawa, lakini yeye hakutazama.

"Nesta Namwinga," Jairo alisema. Sauti ilimtoka kama mtu aliyeangusha mtungi. "Ndiye. Ni mama yake mke wangu."

"Mayo, mama wee!" mama akaguna kwa Kibemba, akavuta kitenge, akageukia ukuta tena.

Muhuri ukagonga. Wilbard akasimama kuwapongeza, akamshika mkono Jairo, akauinamia ukuta kwa heshima kumpongeza mama. "Mama umekuwa mwenyeji wetu. Makazi yako ni pale kwa Bwana Simbeye. Mimi hupita kuwatembelea watu wenye vibali, kuona kama kweli wanakaa walikosema. Nitakuja siku moja, mnipikie huo uji wa dizeli."

Tabita alipiga vigelegele pale nje mpaka mlinzi akaitikia. Vigelegele vilikuwa bado hewani mama alipompita, mwendo wa haraka kuliko wa mtu mwenye ukungu machoni, moja kwa moja barabarani.

Nyumbani walimkuta anafunga mzigo.

"Mama! Unafunga nini tena? Si umepata kibali?"

"Nimepata. Hiki hapa," alisema, akagonga kifua alikokitia. "Nimekipata kwa kutazamwa na kutajwa. Mkwe aliyenitazama na kunitaja, silali uani kwake mpaka jambo litengenezwe."

"Litatengenezwa, mama. Jembe na kuku, si ndivyo? Baba Irene atatafuta leoleo."

"Ndivyo. Anakuja na ndugu yake, na jembe, na kuku, mlangoni kwa mama mkwe. Wanakaa nje. Mkwe akiridhika, anawatumia maji ya kunywa. Yakinywewa, yamekwisha." Akavuta fundo la kitenge kwa meno. "Mlangoni kwa mkwe, Tabita. Siyo mlangoni kwake yeye. Umeona wapi mtu analeta faini kwake mwenyewe halafu anajikaribisha? Kwangu ni ng'ambo. Nitamsubiri hukohuko."

"Ng'ambo wapi? Nyumba ilianguka! Na yule afande akija asikukute?"

"Kizingiti kipo. Kizingiti hakikuanguka."

Tabita akasimama pale akimtazama. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi lake mwenyewe.

Jairo, aliyekuwa ameyasikia yote akiwa nje ya uzio, hakungoja aambiwe na ndoo. Alirukia baiskeli. Kule Mpemba Fanueli alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akalala juu ya turubai la watu.

"Kaka! Umemtazama apate kukaa, na kwa kuwa umemtazama, anaondoka!"

"Cheka ukimaliza unisaidie."

"Tumfuate basi huko ng'ambo. Kwake."

"Kwake," Jairo alirudia. Akaacha kuhema. "Fanueli, kwani kwake ni wapi? Afande amesema mbele yetu sote. Makazi yake ni pale."

Fanueli akainuka, turubai limemng'ang'ania mgongoni. "Kaka. Wewe mtu mbaya."

Jembe jipya walilipata sokoni, kuku wakamtoa kwa jirani yule mwenye huruma, ambaye alidhani Jairo anakwenda kutibiwa kifua. Na jua likiwa linaelekea kuzama, watu wa mtaa ule waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: Jairo Simbeye, kwa koti la harusi, amekaa chini nje ya lango lake mwenyewe, jembe magotini, kuku kwapani, ameinamisha kichwa kama mposaji. Na Fanueli amesimama anabisha.

"Hodi! Hodi hapa kwa mama!"

Uani mama alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, tayari kwa safari. "Nani?"

"Watu wa kwa Simbeye! Tuna shida na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ndiye huyo hapo nje kakumbatia kuku?"

Watoto wa jirani wakaangua kicheko. Fanueli hakuyumba.

"Huyo ni mgeni, mama. Sisi tumeuliza, tukaambiwa anayeishi hapa ni wewe. Serikali imegonga muhuri."

"Na yeye, serikali imemwandika anaishi wapi?"

Fanueli akafungua mdomo. Halikutoka neno, na hilo halikuwa limewahi kutokea. Jairo akaona ni zamu yake. Akalielekea lango, akaliambia:

"Lango, mwambie bibi yake Irene, mimi mwaka wa ngapi huu siingii humo mpaka anipishe. Siku zote nabisha, nasubiri. Mtu anayesubiri kuruhusiwa, hapo pamekuwa kwake tangu lini? Kama si kwa mama huyu, ni kwa nani?"

Tabita alikuwa amesimama kati ya jiko na lango, begi limening'inia mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshachota maji kwenye kikombe, lakini hakusogea hata hatua. Maji yale hayapelekwi mpaka mwenye mlango atamke. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameshika fundo la kitenge, halifungi, halifungui, na mdomoni ana kitu ambacho kingeweza kuwa hasira, au kicheko kinachobanwa na mtu mzima. Nje kuku alianza kulalamika.

Na wewe uliyekaa nami mpaka hapa, niambie: ungekuwa juu ya mzigo ule, ungesema pale ni mlangoni kwa nani?